"Informations", "an information", "information are": kosa linatoka wapi na unalitibuje

Kati ya maneno ya Kiingereza ambayo mtu wa ofisini au mwanafunzi anayatumia kila siku, "information" nadhani ndo linaharibika kuliko mengine yote, na linaharibika kwa watu wanaojua Kiingereza vizuri tu, watu wa digrii, watu wanaoandika ripoti ndefu bila shida, alafu unakuta bango la mkutano chini kabisa limeandikwa "For more informations call" na namba ya simu, na bango limeshachapwa na limeshatundikwa. Naandika hii kwa sababu naamini kabisa kosa hili sio la uzembe na wala sio la kukosa shule. Lina chanzo kinachoeleweka, na chanzo chenyewe kiko kwenye Kiswahili chetu, kwenye namna tunavyoongea kila siku, so mtu akikuambia tu "usiweke s" bila kukuonyesha inakotoka, utaitoa leo na kesho itarudi.

Kabla ya dalili, shika hiki kimoja. "Information" ni nomino isiyohesabika. Hiyo haimaanishi kwamba ni kidogo au ni kimoja, inaweza kuwa mstari mmoja wa meseji au maktaba nzima, ila Kiingereza kinaitazama kama sisi tunavyoyatazama maji. Maji hayana moja mbili tatu, kinachohesabika ni chupa, ndoo, lita. Ukienda dukani ukasema "nipe maji mbili" muuzaji anakupa chupa mbili, kahesabu chupa. Tofauti ni kwamba kwenye maji hata Kiingereza cha mgahawani kinaruhusu mkato huo, mtu anaagiza "two waters" na anaeleweka, lakini kwenye "information" mkato huo haupo kabisa. Lazima ukitaje chombo.

Dalili ya kwanza: s inaingia yenyewe

"We have received all the informations." "Kindly fill in the following informations." "Your personal informations are safe."

Hii ndo dalili kubwa na nataka nikae hapa.

Angalia neno letu "taarifa". Liko kwenye ngeli ya I-ZI, ile ambayo jina lenyewe halibadiliki hata kidogo kutoka umoja kwenda wingi. Taarifa hii imefika, taarifa hizi zimefika. Jina limebaki vile vile, kinachobeba wingi ni maneno yanayolizunguka, hii na hizi, ime na zime. Sasa unapohamia kwenye Kiingereza kichwa chako kinajua kabisa kwamba unaongelea taarifa nyingi, na kinajua pia kwamba kwenye Kiingereza wingi unakaa mwishoni mwa jina, kwa hiyo kinafanya kazi yake kwa uaminifu, kinachukua ule wingi uliokuwa kwenye "hizi" na kuupachika kwenye jina. Ndo unapata "these informations".

Na sio "taarifa" peke yake. Angalia serikali ya Tanzania ilivyolitafsiri neno hili "information" sehemu tofauti: kwenye TEHAMA ni "habari", Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Kwenye ile idara inayosemea serikali ni "maelezo", Idara ya Habari MAELEZO, ambayo kwa Kiingereza inaitwa Tanzania Information Services. Na kwenye sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata taarifa ni "taarifa". Maneno matatu, na yote matatu yakitumika kwa ujumla yanachukua upatanisho wa wingi: habari zimesambaa, maelezo yametolewa, taarifa zimekusanywa. Yaani kila mlango ambao Mswahili anaingilia kwenye neno hili, anakuta wingi umekaa pale mlangoni. Kwa hiyo mtu asikudharau kwa hili kosa, lina mantiki.

Ila kuna chanzo kingine ambacho naona watu wengi hawakigusi na mimi nadhani ndo kikubwa zaidi. Ni ile lugha yetu ya kuchanganya. Ofisini hakuna anayesema "taarifa" muda wote, watu wanasema:

"Dada, zile information za wateja umeshazipata?"
"Ndio kaka, zimekuja zote, ila kuna information mbili hazijakaa sawa."

Umeona? Neno la Kiingereza limeingia kwenye Kiswahili likapewa ngeli ya I-ZI kama maneno mengi ya kuja, na likapewa upatanisho wa ZI. Zile, umeshazipata, zimekuja, zote, hazijakaa. Hapo huongelei tena neno "taarifa", unaongelea "information" yenyewe, kwa jina lake, na unaipa wingi mara kibao kwa siku. Kwa hiyo jioni unapokaa kuandika imeili kwa Kiingereza, mdomo wako umeshafundishwa siku nzima kwamba "information" ni kitu cha wingi.

Tiba yake basi inaanzia hapo hapo mdomoni. Endelea kuchanganya lugha kama unavyochanganya, hiyo hainisumbui, ila hamisha upatanisho kutoka ZI kwenda I. Sema "ile information ya wateja umeshaipata?", "information yote imekuja", "hiyo information haijakaa sawa". Kiswahili chake ni sahihi kabisa, ngeli ni ile ile, umechukua tu upande wa umoja. Siku za mwanzo utahisi kama umeongelea kitu kimoja wakati ni vingi, vumilia, maana hiyo hisia ndo hasa Kiingereza kinachotaka uwe nayo. Ukishazoea kusema "information yote imekuja", kuandika "all the information has arrived" kunakuja chenyewe, hauhitaji kukumbuka kanuni yoyote.

Kwa ndugu zetu wa Bujumbura, Bukavu, Lubumbashi na kwingine ambako shule ilikuwa kwa Kifaransa, mna mzigo wa ziada, kwa sababu Kifaransa kinasema "une information" na "des informations" bila shida yoyote, na hata taarifa ya habari ya jioni mnaiita "les informations". Kiingereza kililichukua neno hili kutoka huko huko kwenye Kifaransa cha zamani na Kilatini, na karne nyingi zilizopita Waingereza wenyewe waliliandika na s, ila matumizi hayo yakafa na Kifaransa kikabaki nayo. So nyinyi mkiandika "informations" mnaandika neno ambalo lipo kweli, tatizo lipo kwenye lugha ya jirani. Walioko Muscat na Ghuba nao wana la kwao, maana Kiarabu kinasema "maalumat" ambayo kwa umbo ni wingi. Sijui kama kuna Mswahili ambaye anafika kwenye neno hili bila wingi kumsukuma kutoka upande fulani.

Dalili ya pili: "an information", "one information", "another information"

Mtu anasimama kwenye mkutano anasema "I have an information." Au anaandika "I got one information from the bank."

Hapa chanzo ni tofauti kidogo na ile ya kwanza, na kama utatumia tiba ile ile haitafanya kazi. Hapa mtu hajakosea wingi, amekosea kwa sababu "taarifa" yetu ina maana nyingi, na baadhi ya maana hizo ni vitu vinavyohesabika kweli.

Fikiria bungeni Dodoma. Mbunge anachangia, mwingine anasimama anasema "Taarifa, Mheshimiwa Spika!" Anapewa nafasi, anaitoa, alafu Spika anamuuliza yule aliyekuwa anachangia kama anaipokea ile taarifa, na yeye anasema anaipokea au haipokei. Ile taarifa ni moja, ina mwanzo na mwisho, inapokelewa au inakataliwa, na kesho unaweza kusema leo mheshimiwa kapewa taarifa mbili na zote kazikataa. Sasa jaribu kuiweka "information" pale, inagoma kuhesabika. Kwa Kiingereza cha mabunge na midahalo kile kitendo kinaitwa "point of information", na kinachohesabika ni "point", unasema "two points of information".

Kwa hiyo ukishikwa na hamu ya kuandika "an information", usikimbilie kuweka "a piece of" mbele na kuendelea na safari, simama ujiulize hii taarifa ni taarifa gani. Mara nyingi Kiingereza kina jina lingine kabisa linalohesabika na ndo lilikuwa linatakiwa tangu mwanzo.

Taarifa ya mwaka ya shirika ni "report", unasema "an annual report". Taarifa za fedha za kampuni ni "financial statements". Taarifa kwa umma ile ya barua yenye nembo ni "a public notice" au "a press statement", inategemea nani anaitoa na kwa nani. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni "the news" au "a news bulletin". Taarifa uliyopeleka kituo cha polisi kwamba simu imeibiwa ni "a report", na mara nyingi inakaa vizuri zaidi ukitumia kitenzi, "I reported the theft to the police". Na yule aliyesimama mkutanoni na "I have an information" alikuwa anataka kusema "I have an announcement". Au kama ni jambo dogo tu la kuongezea, "there is one more thing". Hayo yote kwetu ni taarifa, kwao ni majina tofauti tofauti na yote yanahesabika vizuri.

Kinachobaki baada ya kuchuja hivyo, yaani pale ambapo kweli unamaanisha kipande kimoja cha unachokijua, ndo unatumia "a piece of information". Wingi wake unakaa kwenye chombo, "two pieces of information", "several pieces of information", na "information" inabaki bila s hata ziwe elfu. Kwenye maandishi rasmi kuna "an item of information". Kwenye maongezi ya kawaida kuna "a bit of information", ambayo inamaanisha kidogo au kijisehemu, ila kuwa makini ukiwa kwenye mambo ya kompyuta, maana huko "bit" ni kipimo hasa. Mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon mwaka 1948 alionyesha namna ya kupima kiasi cha "information" kwenye mawasiliano, na kipimo chake ni hiyo "bit". Mimi napenda sana mfano huu kwa sababu hata mtu aliyefanikiwa kuipima kwa hesabu kabisa, anachohesabu ni biti, "information" yenyewe imebaki isiyohesabika vile vile.

Na usijaze andiko lako "piece of information" kila mstari, inachosha. Kama unaorodhesha jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, anwani, neno zuri ni "details": "Please provide the following details." Hili linahesabika, linakubali s, linakubali "many", na linakaa vizuri kwenye fomu kuliko "information".

"Every information" na "each information" zinaingia humu humu. Kiswahili "kila taarifa" ni sawa, Kiingereza kinataka "every piece of information" au ugeuze useme "all the information". Na "another information" igeuze kuwa "some other information", au "something else".

Kuna sehemu moja utaona "an information" na iko sahihi, ikakuchanganya. "An information officer", "an information desk", "an information system". Hapo ile "an" sio ya "information", ni ya neno la mwisho, officer, desk, system. Afisa habari ni mmoja, anahesabika. "Information" imekaa tu mbele kueleza ni afisa wa nini.

Dalili ya tatu: s umeitoa lakini sentensi bado inachechemea

"These information are important." "The information you sent are not complete, please check them."

Hii utaiona kwa mtu aliyeshaambiwa kwamba "informations" ni kosa, akaitoa s, lakini vitu vingine vyote vimebaki kwenye wingi. Chanzo ni kile kile cha ZI, na kwa kweli hii ndo inanionyesha kwamba kufuta s peke yake sio tiba. Wingi umefukuzwa kwenye jina ukakimbilia kwenye "these", kwenye "are", kwenye "them". Kwa hiyo ukirekebisha, rekebisha ukoo mzima: "This information is important." "The information you sent is not complete, please check it." Na sehemu inayosahaulika zaidi ni ile "it" ya mwisho, hasa sentensi ikiwa ndefu, mtu anaanza vizuri "the information is" alafu maneno kumi mbele anaandika "they".

Sentensi za "which" nazo ziangalie. "Information which were collected" inapita machoni pa wengi, hata wanaohariri. Ni "which was collected".

Dalili ya nne: "many", "few", "number of"

Hii fupi. Vitu visivyohesabika havikubali "many", "few", "fewer", "several" wala "a number of". Weka "much", "little", "less", "a lot of", "an amount of". Kuuliza ni "how much information", sio "how many".

Ila "much" kwenye sentensi ya kawaida isiyo swali wala ya kukanusha inasikika kama imevaa suti. "I have much information" sio kosa, lakini watu wanasema "I have a lot of information". "Much" inapendeza kwenye "there isn't much information" au "too much information".

Na hapa kuna mtego wa herufi moja. "Little information" na "a little information" sio sawa. Ya kwanza inalalamika, taarifa ni haba, hazitoshi. Ya pili inashukuru, taarifa ni kidogo lakini zipo na zinasaidia. Ukiandika kwa mfadhili "we have little information about the village" umemwambia hamjui kitu kuhusu kijiji, na huenda hukutaka kusema hivyo.

Dalili ya tano: "information of"

"I need information of the accident." "Information of the course."

Chanzo ni hiyo "za" yetu. Taarifa za ajali, taarifa za kozi, taarifa za mgonjwa. Kiunganishi kimoja kinafanya kazi zote kwetu, na darasani tulifundishwa kwamba "ya" na "za" ni "of", basi. Kiingereza kwenye neno hili kinataka "about" au "on": "information about the accident", "information on the course". "On" inasikika rasmi kidogo. "Regarding" na "concerning" zipo za barua. Kuna kitu kinachowachanganya hata wazoefu, kwamba kitenzi chake kinakubali "of", unasema "we were informed of the accident", so mtu anaona kama jina nalo litakubali. Kwenye jina rudi kwenye "about".

Nikiwa hapo kwenye kitenzi, kuna kosa lake moja ambalo ni ndugu wa damu na ninaliona sana kwenye barua: "This is to inform that the meeting will be held on Friday." Kuna mtu kapotea hapo. "Inform" ni lazima imtaje anayepewa taarifa: "This is to inform you that", "to inform all members that". Na ukichunguza utaona kwa nini anapotea. Kiswahili kinasema "tunapenda kuwataarifu kwamba", na yule mtu yupo, ni hiyo "wa" ndogo iliyojificha katikati ya kitenzi. Ukitafsiri kitenzi kizima kwa mkupuo inaanguka njiani. Kwa hiyo kila ukiandika "inform", itafute ile "ku", "wa" au "m" iliyokuwa kwenye Kiswahili chako uipeleke ng'ambo kama "you", "them", "him". Kama hutaki kumtaja mtu, badilisha kitenzi, "announce" inakubali: "We are pleased to announce that".

Dalili ya sita: hapa umepona, kwingine unaumwa

Ukishalizoea "information" utagundua lina ndugu. "Advice", "equipment", "furniture", "luggage", "evidence", "feedback", "homework", "knowledge". Wote hawakubali s, wote wanakubali "a piece of" isipokuwa "knowledge" ambayo inakaa vibaya au haitumiki sana. Chanzo chao ni kile kile ukikiangalia kwa Kiswahili. Vifaa ni wingi wa waziwazi, vi- inaonekana kwa macho, ndo maana nyaraka za tenda na vibao vya maduka vimejaa "equipments". Mizigo ni wingi, tunapata "luggages". Maoni yana ma-, tunapata "feedbacks". Samani zimefika, tunapata "furnitures". Wa Kifaransa nao tena wana "des équipements", "des conseils", "des bagages", zote na s.

"Info" nayo, ile ya kwenye chati, ni mtoto wa "information" na imerithi tabia. Hakuna "infos". Vivyo hivyo "misinformation" na "disinformation".

Alafu kuna kupona kupita kiasi. Mtu ameogopa s kiasi kwamba anaanza kuitoa mpaka kwenye maneno yanayoitaka, "many detail", "all the document", "two report". Maneno hayo yanahesabika, yaachie s yake. Na "news" ndo inapindua kila kitu, ina s ya kuzaliwa nayo lakini ni umoja: "the news is good". Usiitoe, na usiandike "the news are".

"Data" nayo inauliziwa kila siku. Kwa asili ni wingi wa neno la Kilatini "datum", kwa hiyo kwenye majarida ya kisayansi utakuta "the data are", na kwenye magazeti na ofisini utakuta "the data is". Zote zinakubalika, chagua moja ushikamane nayo andiko zima. Ila hakuna "datas".

Kucheki andiko ambalo tayari lipo

Kama una ripoti, andiko la mradi, CV au tovuti ya ofisi ambayo imeshaandikwa, usiisome yote kutafuta kosa hili, macho yanazoea na yataliruka. Tumia kitufe cha kutafuta. Andika "informations" kwanza, hizo zote futa s. Alafu "these information", "those information", "information are", "information were", "information have", "many information", "every information", "information of". Tafuta "an information" mwisho kabisa na usizibadilishe zote kwa mkupuo, kwa sababu ya wale maafisa habari na mifumo niliyoitaja. Baada ya hapo tafuta tu "information" peke yake na kila ikitokea soma sentensi mpaka nukta, ukiwinda "they" na "them" zilizojificha mbele. Kikagua tahajia cha kompyuta usikitegemee kwenye hili, chenyewe kinaangalia kama neno limeandikwa sawa, na "these information are" kila neno limeandikwa sawa.

Angalia pia majina rasmi kabla hujayagusa au kuyanukuu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ni Access to Information Act, ya Tanzania ya mwaka huo huo ni Access to Information Act, ya Uganda ya mwaka 2005 ni hivyo hivyo. Mtu akinukuu "Access to Informations Act" kwenye barua ya kuomba nyaraka serikalini, amekosea jina la sheria yenyewe anayoitegemea.

Sasa kama andiko unalolihariri limetoka kwa wakili au mahakamani, toa mkono kwanza. Kwenye Kiingereza cha sheria kuna "information" nyingine kabisa, ni hati ya mashtaka. Kwa Tanzania kesi ya jinai ikiwa mahakama za chini kuna "charge", lakini ikifika Mahakama Kuu hati anayoshtakiwa nayo mtu inaitwa "an information". Marekani nako mwendesha mashtaka anaweza kufungua "an information" pale ambapo kesi haijapitia baraza la raia linaloidhinisha mashtaka. Neno hilo ni jina la karatasi, linahesabika, lina "an", na zikiwa nyingi ni "informations" na s yake kamili. Kwa hiyo ukikuta "the information was read over to the accused" ujue kilichosomwa pale ni mashtaka, na ukikuta "two informations were filed" iache ilivyo.